Nani Kakuambia? Sanad na Akili katika Uandishi wa Tarikh ya Kiislamu

Katikati ya karne ya 11, mjini Baghdad, waziri wa khalifa aliletewa barua iliyodaiwa kuandikwa kwa amri ya Mtume Muhammad (S.A.W.). Barua hiyo iliwasamehe Wayahudi wa Khaybar kulipa jizya, na ndani yake yalitajwa majina ya masahaba walioshuhudia. Waziri akampa al-Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni wa hadithi aliyeandika historia kubwa ya mji huo, aitazame. Al-Khatib akaisoma, akasema imeghushiwa. Alipoulizwa amejuaje, hakugusia karatasi wala wino. Alisema miongoni mwa mashahidi yumo Muawiya, naye alisilimu mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ilipofunguliwa, ilhali Khaybar ilitekwa mwaka wa 7. Yumo pia Saad bin Muadh, naye alikufa kwa jeraha alilolipata katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5. Basi shahidi mmoja alikuwa bado hajasilimu, na mwingine alikwisha kuzikwa miaka miwili kabla. Ili kuukamata uongo ule al-Khatib hakuhitaji ila kalenda, pamoja na kumbukumbu ya nani alizaliwa lini, alisilimu lini na alikufa lini.

Kisa hicho, ambacho waandishi wa wasifu waliokuja baada yake wamekihifadhi, hakiendani na picha iliyozoeleka ya tarikh ya Kiislamu. Picha hiyo husema kwamba kwa karne nyingi Waislamu walinakili habari za waliotangulia kwa uaminifu bila kuzichuja, kisha mwaka 1377 akatokea Ibn Khaldun, mtu mmoja mwenye kipaji cha peke yake, akaandika Muqaddima, na baada yake pakawa kimya. Wanaoisema ni wengi, wakiwamo Waislamu wanaojivunia Ibn Khaldun huku hawajui majina ya waliomtangulia. Mimi naona fani hii ilikuwa na uhakiki tangu utoto wake, ila uhakiki huo ulianzia kwenye swali ambalo sisi tumezoea kulichelewesha. Msomaji wa leo akisikia habari huuliza kwanza kama jambo hilo linawezekana. Wao waliuliza kwanza: nani kakuambia, naye alikuwa wapi? Historia ya uandishi wa tarikh katika Uislamu, tangu karne ya pili ya Hijra hadi kwa masheikh wa pwani yetu, ni mvutano wa muda mrefu baina ya maswali haya mawili, na kila lilipoachwa mojawapo, fani ilipata hasara.

Swali la "nani kakuambia" lilikuwa na pacha wake, yaani "lini". Riwaya yasema khalifa Umar bin al-Khattab aliletewa hati ya malipo yaliyopangwa kufanyika mwezi wa Shaaban, akauliza ni Shaaban gani, tuliyomo, iliyopita au ijayo. Mnamo mwaka wa 17 wa Hijra, takriban 638, akawakusanya masahaba wakakubaliana kuhesabu miaka tangu Mtume alipohamia Madina. Wapo wanaozitilia shaka riwaya za namna hii, lakini hapa tunaye shahidi asiyetegemea ulimi wa msimulizi yeyote. Katika mkusanyiko wa mafunjo ulioko Vienna imo stakabadhi kutoka Misri, ya Kigiriki na Kiarabu, ya kondoo 65 waliochukuliwa na jeshi la Waislamu, na tarehe yake kwa Kiarabu ni Jumada ya kwanza mwaka wa 22. Miaka mitano tu baada ya uamuzi unaosimuliwa, karani wa mkoani, mbali kabisa na Madina, alikuwa akiiandika tarehe mpya kwenye risiti ya kondoo. Neno lenyewe tarikh, kabla ya kumaanisha historia, lilimaanisha kuweka tarehe, na Kiswahili kimelipokea kwa sura zote mbili: tunayo tarehe ya barua, na tunayo tarikhi ya mji.

Desturi ya kutaja majina ya wasimulizi ilitoka kwa wanahadithi. Ibn Sirin, aliyefariki Basra mwaka 729, anapokewa kuwa alisema kwamba zamani watu hawakuwa wakiulizia sanad, yaani mlolongo wa wapokezi wa habari, mpaka ilipozuka fitna. Maneno hayo yanaeleza mengi. Baada ya kuuawa khalifa Uthman mwaka 656 na Waislamu kupigana wao kwa wao, kila kundi lilikuwa na habari zake, na mtu hakuweza tena kuikubali habari bila kujua ilipotoka. Lakini sanad, iliyofaa sana kwa hukumu fupi ya swala au biashara, ilimtatiza aliyetaka kusimulia vita tangu mwanzo hadi mwisho. Kila kipande kina wapokezi wake; ukivitenga vipande msomaji hapati kisa, ukiviunganisha hajui tena nani kasema nini. Ibn Ishaq, aliyefariki Baghdad yapata mwaka 767 baada ya kukusanya maisha ya Mtume, alichagua kuunganisha mara nyingi, na kwa habari za Khaybar na nyinginezo alichukua hata kwa watoto wa Mayahudi waliosilimu. Imam Malik mjini Madina alimshambulia kwa maneno makali, akamwita dajali. Al-Waqidi, aliyekufa mwaka 823, aliorodhesha majina ya watu waliomsimulia vita vya Mtume, kisha akayachanganya maneno yao yawe kisa kimoja kinachosomeka vizuri, na wanahadithi wakamlaumu kwa hilo hilo. Lawama hizo hazikuwa za wivu tu. Waliogopa kupoteza uwezo wa kurudi nyuma na kumhoji kila shahidi peke yake.

Aliyepata njia ya kutoka ni al-Tabari. Alizaliwa Amul, kusini ya Bahari ya Kaspi, mwaka 839, akaishi na kufa Baghdad mwaka 923, na tarikh yake ya Mitume na wafalme inaanzia kuumbwa ulimwengu hadi mwaka 915. Ni kitabu kikubwa mno: tafsiri yake ya Kiingereza imechukua mijalada 40 pamoja na faharasa. Katika dibaji anamwambia msomaji kwamba akikuta humo habari inayomchukiza, ajue haikutoka kwa mwandishi. Imetoka kwa walioileta, naye kaifikisha kama alivyoipokea. Wengi wameyachukua maneno hayo kama ungamo la mtu asiyetaka kufikiri. Afadhali tuuangalie ukurasa wenyewe kabla ya kuhukumu.

Ni siku chache kabla ya Ashura ya mwaka 61, sawa na 680. Husein bin Ali amezuiwa Karbala na jeshi la Umar bin Saad, na usiku mmoja wawili hao wanakutana faragha kati ya kambi mbili. Walizungumza nini? Al-Tabari anachukua kwa Abu Mikhnaf, mkusanyaji wa Kufa aliyefariki mwaka 774. Kwanza anaeleza uvumi uliosambaa kambini, na anasema wazi kwamba watu walikuwa wakizungumza bila kusikia wala kujua. Kisha anatoa riwaya ya wanahadithi kadhaa, akiwataja al-Mujalid bin Said na al-Saqab bin Zuhayr, kwamba Husein alitoa chaguo tatu: arudi alikotoka, au aweke mkono wake katika mkono wa khalifa Yazid, au apelekwe kwenye ngome yoyote ya mpakani. Halafu, bila kupumua, anamleta Uqba bin Siman. Huyu alikuwa mtumwa wa Rabab, mke wa Husein, akaachwa hai kwa sababu alisema yeye ni mtu anayemilikiwa. Uqba anasema alifuatana na Husein kutoka Madina hadi Makka, na kutoka Makka hadi Iraq, hakuachana naye mpaka alipouawa, wala halipo neno alilowaambia watu ambalo yeye hakulisikia. Na Wallahi hakuwapa hayo wanayodai watu, ya kuweka mkono wake katika mkono wa Yazid. Alichosema ni waniache niende katika ardhi hii pana mpaka tuone mambo ya watu yataishia wapi.

Al-Tabari haongezi hata sentensi moja. Hasemi huyu ndiye mkweli. Lakini tazama alichomwekea msomaji mezani: kwanza uvumi wenye alama ya uvumi, kisha kauli ya wapokezi wenye heshima ambao hawakuwapo, kisha kauli ya mtumwa aliyekuwapo, na kila mmoja na jina lake. Tofauti yenyewe si ndogo. Ikiwa Husein alikubali kumpa Yazid mkono, basi utawala ulimuua mtu aliyekwisha kusalimu amri; ikiwa hakukubali, basi alikufa akiwa na msimamo uleule aliotoka nao Madina. Makundi yangeweza kupigania jibu hilo, na yalipigania. Mwandishi aliyefuta riwaya mbili na kubakiza moja angetupa kisa laini zaidi na elimu pungufu zaidi. Wala hakusikiliza upande mmoja tu. Sehemu kubwa ya habari za siku ya mauaji inatoka kwa Humayd bin Muslim, aliyekuwa ndani ya jeshi lililomzunguka Husein, na kitabu chenyewe cha Abu Mikhnaf kimepotea. Maneno ya Uqba na Humayd tunayo kwa sababu al-Tabari alikataa kuyafupisha. Huku naita uamuzi wa mtu anayejua kwamba atakayehukumu vyema zaidi yake huenda bado hajazaliwa.

Pingamizi kubwa liko hapa, nalo halifai kupitwa juu juu. Sanad inaweza kubuniwa. Anayebuni habari hashindwi kubuni majina ya kuibeba. Joseph Schacht, katika kitabu chake cha mwaka 1950 juu ya asili ya sheria ya Kiislamu, alidai kwamba sanad nyingi zilikua kwenda nyuma, yaani kauli ya mwanachuoni wa karne ya pili ilipandishwa kwa sahaba, kisha kwa Mtume. Patricia Crone na Michael Cook walikwenda mbali zaidi mwaka 1977: wakaziweka kando riwaya za Waislamu na kujaribu kuandika mwanzo wa Uislamu kwa vyanzo vya nje, vya Kigiriki, Kisuria na Kiarmenia. Na ni kweli kwamba vitabu vya Kiislamu vilivyotufikia vikiwa kamili viliandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya matukio. Mwislamu anayejibu pingamizi hili kwa hasira anaisaliti fani yake, kwa kuwa wa kwanza kutangaza kwamba watu wanaghushi sanad walikuwa wanavyuoni wa Kiislamu wenyewe, na waliwataja wahusika kwa majina.

Lakini sanad inafanya kazi hata inapobeba habari dhaifu, na jambo hili wenye shaka hulisahau. Mfano wake ni Sayf bin Umar, msimulizi wa Kufa wa karne ya pili ya Hijra. Wahakiki wa hadithi walimkataa katakata, na bado al-Tabari alimtumia sana katika habari za ushindi wa kwanza wa Waislamu na za fitna. Kosa? Huenda. Ila kila alipomtumia alimtaja. Mwaka 1899 Julius Wellhausen aliyachukua maneno ya Sayf kutoka ndani ya al-Tabari, akayatenga, akayalinganisha na ya Ibn Ishaq na al-Waqidi, akaonyesha jinsi tarehe na mashujaa wake wanavyotofautiana na wenzake. Mjerumani huyo aliweza kumhoji Sayf miaka elfu moja na zaidi baada ya kufa kwake kwa kuwa al-Tabari hakumchanganya na wengine. Harald Motzki na wenzake, miaka mia moja baadaye, walizilinganisha sanad na matini za riwaya zilezile katika vitabu tofauti, na mara kadhaa wakaweza kuirudisha habari hadi karne ya kwanza. Hakuna lolote kati ya haya linalothibitisha kwamba kila riwaya ni ya kweli. Linalothibitishwa ni kwamba mtu aliyeacha anwani ya habari yake ametuachia pia njia ya kumpinga, na si kila jadi ya tarikh duniani imefanya hivyo.

Kutoka kwenye swali lilelile ikazaliwa aina ya kitabu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo mchango mkubwa kuliko yote wa Waislamu katika uandishi wa historia: kitabu cha tabaka, kinachopanga watu kizazi baada ya kizazi. Ukitaka kujua kama Fulani alimsikia Fulani kweli, lazima ujue walikozaliwa, walikosafiri, walimu wao, na miaka yao ya kufa. Ibn Saad, aliyekuwa karani wa al-Waqidi na aliyefariki mwaka 845, alianza na masahaba na waliowafuata, na sehemu ya mwisho akaiweka kwa wanawake. Al-Khatib akaukusanya mji wa Baghdad katika wasifu zaidi ya 7,800. Ibn Asakir (1105–1176) akaifanyia Damascus kazi kama hiyo kwa upana wa kutisha: chapa ya siku hizi imefika mijalada 80. Al-Sakhawi, aliyefariki mwaka 1497, aliikusanya karne yake yote, na mjalada wa 12 wa kitabu hicho una wanawake watupu, zaidi ya elfu moja, wengi wao wakiwa wapokezi na walimu. Mtu atasema kwamba hawa ni wanavyuoni na jamaa zao tu, na mchukuzi wa maji wa Damascus hayumo. Ni kweli, na upungufu huo hauzibiki. Hata hivyo vitabu hivi vimejibu maswali ambayo waandishi wake hawakuyafikiria. Mwaka 1979 Richard Bulliet aliyahesabu majina ya nasaba ndani yake, akatafuta katika kila ukoo wa Iran babu wa kwanza mwenye jina la Kiislamu, na kwa hesabu hiyo akakadiria jinsi watu walivyosilimu kizazi kwa kizazi. Orodha iliyotungwa kuulinda ukweli wa hadithi ikawa hesabu ya watu.

Hata hivyo mtindo wa al-Tabari haukudumu. Wasomaji walichoka na majina, na waandishi wapya walitoka katika ofisi za serikali zaidi ya duara za hadithi. Al-Mas'udi, aliyefariki Misri mwaka 956, aliziacha sanad na kusimulia kwa mtiririko, na badala ya mlolongo wa wapokezi akaweka macho na safari zake. Kwetu ana uzito wa pekee. Alisafiri kwa jahazi hadi Qanbalu, kisiwa ambacho wengi hukihusisha na Pemba, na mara yake ya mwisho kutoka huko kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Anasema Waislamu wa kisiwa hicho walizungumza lugha ya Wazanji; anaeleza pembe za ndovu zilizopitishwa Oman kwenda India na China; na anataja cheo cha mfalme wa Wazanji kwa neno ambalo kwa herufi zake za Kiarabu husomeka waflimi. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi neno hilo. Mwandishi wa Baghdad alilisikia wafalme, akalishika kwa sikio lake miaka 1,100 iliyopita, na ndiyo moja ya athari za zamani kabisa za lugha yetu katika maandishi. Lakini njia hii ina bei yake. Al-Mas'udi alipokuwapo, ni shahidi mzuri. Pale ambapo hakuwapo, msomaji hana tena namna ya kumtenga yeye na aliyemwambia. Na mwandishi wa ofisini ana bwana wake. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliwatumikia mawaziri na masultani wa Buwayhi, na ingawa aliandika kwa akili kavu, akitangaza kwamba ataacha yale yasiyomfunza mtu lolote katika uendeshaji wa mambo, ukaribu wake na kiti cha enzi ulimpa habari na pia ulimpimia maneno.

Ni katika pengo hilo ndipo Ibn Khaldun alipoingia. Mtunisi huyu, aliyezaliwa mwaka 1332 na kutumikia na kukimbia tawala kadhaa za Maghrib na Andalusia, alijifungia katika ngome ya Ibn Salama, nchi iliyo Algeria leo, na hapo akaandika Muqaddima. Analalamika kwamba waandishi wa tarikh hupokea idadi na maajabu bila kuyapima, na mlengwa wake mkuu ni al-Mas'udi. Musa hakuweza kuwa na askari 600,000, asema, kwa kuwa jeshi la ukubwa huo lisingeweza hata kupangwa safu katika nchi ile, na vizazi kati ya Yaakub na Musa havitoshi kuzaa watu wengi hivyo. Kisha anafanya utenganisho ambao, kwangu, ndio moyo wa kitabu. Kumchunguza mpokezi kunafaa kwa amri na makatazo, kwa sababu huko lengo ni kuthibitisha kwamba agizo lilitolewa. Kwa matukio, lazima kwanza tuulize kama yanawezekana kwa jinsi jamii za watu zilivyo. Lisilowezekana halina haja ya kuhakikiwa mpokezi wake. Na ili ujue linalowezekana, uijue jamii yenyewe: asabiya inayofunga kabila, jinsi mji unavyoilegeza, kodi, kazi za mikono, bei za vyakula.

Kwa hiyo wapo waliomsoma kama mtu aliyeitupa sanad. Hakufanya hivyo, alibadilisha mpangilio wa maswali. Naye alijua hatari ya swali lake jipya, na aliikiri kwa kisa anachokisimulia mwenyewe. Ibn Battuta aliporudi Maghrib na kusimulia ukarimu wa mfalme wa Delhi, watu walinong'ona kwamba anaongopa. Ibn Khaldun alimwendea waziri Faris bin Wadrar akiwa na shaka hiyohiyo. Waziri akamwonya asikatae habari za nchi kwa sababu tu hajaziona, akampa mfano wa mtoto wa waziri aliyekulia gerezani na baba yake: aliambiwa nyama aliyokula ni ya kondoo, akauliza kama kondoo ni kama panya, kwa kuwa panya ndiye mnyama pekee aliyepata kumwona. Akili hupima kwa yale iliyokwisha kuyaona. Ibn Battuta huyuhuyu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akamwona sultani al-Hasan bin Sulaiman, na alichoandika juu ya ukarimu wake kwa masikini na masharifu kingeonekana chumvi kwa msomaji wa Fez. Leo kasri la Husuni Kubwa, ambalo wachimbaji wanalihusisha na sultani huyo, limesimama magofu juu ya jabali la Kilwa Kisiwani, na vyumba vyake vinaweza kuhesabiwa. "Jambo hili linawezekana?" ni swali zuri mkononi mwa mtu aliyeona mengi, na la hatari mkononi mwa yule wa gerezani.

Baada ya Ibn Khaldun hapakuwa kimya. Al-Maqrizi (1364–1442), aliyemsikiliza mjini Cairo na aliyewahi kuwa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko, aliandika kijitabu juu ya njaa na mfumuko wa bei wa zama zake. Hakuitupia lawama mvua. Alitaja vyeo vilivyouzwa kwa rushwa, kodi za mashamba zilizopandishwa, na sarafu za shaba zilizofurika mpaka dhahabu na fedha zikakimbia sokoni. Al-Sakhawi naye aliandika kitabu kizima kuwajibu walioidharau tarikh. Na al-Jabarti alipowaona Wafaransa wakiingia Cairo mwaka 1798, aliyaandika zaidi ya mara moja matukio yaleyale, na kila mara kwa hukumu tofauti juu ya wageni hao.

Ukiuleta mvutano huu pwani ya Afrika Mashariki, unagundua mambo ambayo vitabu vyetu vya shule huyafunika. Tarikh ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: kwa Kiarabu, katika nakala iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877 na ambayo sasa iko London, na kwa Kireno, katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. Zote mbili zasema mwanzilishi ni Ali kutoka Shirazi na kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Lakini ya Kiarabu ina baba na wana sita katika majahazi saba, kila jahazi likitia nanga mji wake. Ya Kireno ina majahazi mawili tu yaliyotoka Hormuz, na Ali humo ni mtoto wa mjakazi wa Kihabeshi, aliyedharauliwa na ndugu zake. Vitabu vingi vya leo huchukua majahazi saba na kumsahau mama. Al-Tabari angeziweka zote mbili ubavu kwa ubavu. Ibn Khaldun angeuliza ni ipi iliyohitajiwa na watawala wa karne ya 16, wakati nasaba ya Kishirazi ilipokuwa hoja ya kisiasa. Sarafu nazo zina la kusema. Mchimbaji Neville Chittick alimweka Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo kwenye sarafu na anayehusishwa na Ali huyo, mwishoni mwa karne ya 12. Sarafu zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilimrudisha hadi karne ya 11.

Tarikhi ya Pate inafundisha kinyume chake. Ilichapishwa mwaka 1913, ikachapishwa tena na Alice Werner mwaka uliofuata, na miswada kadhaa imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msomaji wa haraka hudhani ana mashahidi wengi wanaokubaliana. Ukiuliza nani kaambia nani, nyingi zinarudi kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, aliyeitwa Bwana Kitini, naye anatajwa kuwa alipokea kwa babu yake, Bwana Simba. Hiyo ni sanad ya Kiswahili, na kwa kipimo cha wanahadithi ni habari ya mtu mmoja iliyotawanyika baadaye, hata ikiandikwa mara kumi. Chittick alipoipinga miaka yake ya mwanzo kwa ushahidi wa udongo na vigae mwaka 1969, alikuwa akimpinga msimulizi mmoja wa ukoo uliotawala, na inafaa tulijue hilo kabla ya kuchagua upande. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982) alikuwa karibu zaidi na al-Khatib alipoandika kwa Kiswahili juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki: alizaliwa lini, alisoma kwa nani, alimsomesha nani, alikufa lini. Ukiona kitabu hicho ni kikavu, jaribu kukitumia kuichunguza ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ya zamani, uone kama aliyeitoa alikuwa bado hai siku iliyoandikwa.

Mwandishi wa tarikh ya Kilwa hakupata mtu wa kumfanyia hivyo. Aliandika kwa ombi la sultani wake, na ndani ya kitabu aliutaja mwezi aliozaliwa, Shawwal ya mwaka 904 wa Hijra, sawa na 1499. Jina lake halimo katika nakala tuliyo nayo.